Mama Maabara na Kamera ya Kenge

Mama Maabara alikuwa hapendi neno "labda". Mwanafunzi akilitamka ndani ya chumba chake, hata kama ni mgeni wa siku ya kwanza, alimwonyesha mlango kwa kidevu. "Peleka labda yako nje ipigwe na upepo, kisha rudi uniambie umeona nini." Walimu nao hawakusalimika. Mimi mwenyewe nilitolewa nje mara mbili katika muhula wangu wa kwanza, nikiwa na shahada mpya na vumbi la chaki kwenye suruali, mbele ya kidato cha tatu kizima.

Hakuwa mwalimu. Kwenye orodha ya wafanyakazi alikuwa mtunza maabara, mstari wa juu kidogo ya wapishi na walinzi. Jina lake lilikuwemo katika orodha hiyo, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Wanafunzi walimwita Mama Maabara, mkuu wa shule alimwita Mama Maabara, na hata padri Mkatoliki alipokuja kubariki jengo jipya alimwita hivyo hivyo, ingawa Mama Maabara mwenyewe alikuwa Mwanglikana wa kandoni mwa ziwa na siku hiyo alisimama nje ya mlango mpaka maji ya baraka yakakauka sakafuni.

Shule yetu ilikuwa juu ya Mbinga mjini, upande wa barabara ya Litembo. Ilikuwa moja ya zile shule za binafsi zilizochipua miaka ile mambo yalipofunguliwa, wazazi wenye mashamba ya kahawa wakajichanga, wakafyatua matofali, wakapandisha kuta. Mimi nilipofika, bei ya kahawa ilikuwa imeshaanguka, na bwalo lilibaki kuta nne bila paa. Maabara ndiyo iliyokuwa imekamilika. Ilikuwa na meza sita, mizani mbili, kabati la chupa, na yeye.

Alivaa koti la bluu la mtumba, lenye jina la mtu wa ng'ambo limeshonwa kwa uzi mwekundu juu ya mfuko. Watoto wa kidato cha kwanza waliamini ndilo jina lake, wakawa wanaliandika kwenye jalada la daftari la fizikia. Yeye hakuwasahihisha. Alipoulizwa kwa nini asifumue huo uzi alisema koti bado ni zima, aliyelivaa kwanza hakumkosea kitu.

Kabla ya shule alikuwa kwenye ghala la ushirika. Kazi yake ilikuwa kupima unyevu wa kahawa kabla haijapokelewa. Alikuwa akiitia punje mdomoni, akaiuma, akaitema, halafu akaipeleka kwenye mashine, na watu walisema mashine ilikuwa inakubaliana naye tu. Nilipomuuliza, alikasirika. "Nani anauma kahawa akasema imekauka? Meno hayana namba." Lakini siku nyingine, mzee mmoja mkulima alipoleta mkoba wa kahawa jikoni kwetu, nilimwona ameingiza punje mdomoni haraka, akageuka ukutani na kuiuma.

Wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao barabarani, ghala lilikosa kazi, akapunguzwa. Alikwenda nyumbani na mita moja ya kupimia umeme, iliyokuwa haina wa kuidai, ameifunga katika kipande cha kanga. Hiyo mita ndiyo iliyompa kazi kwetu. Mkuu wa shule wa wakati ule alimkuta anatengeneza redio za watu sokoni, akamwambia njoo. Cheti hakuwa nacho. Hakuna aliyeuliza, mpaka baadaye.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkali kwa namna isiyo ya haki. Mtoto akivunja chupa ya majaribio alimwita mwizi wiki nzima, ingawa kuvunja na kuiba ni vitu viwili. Mimi niliwahi kumwazima mwalimu wa useremala ile mita bila kumwambia Mama Maabara, naye akaacha kunitazama usoni kwa mwezi mmoja. Nilimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo mama," na kila asubuhi alijibu "Marahaba" akiitazama kengele ya shule, kama vile kengele ndiyo iliyomwamkia. Mwisho wa mwezi alikuja ofisini, akaweka muhogo wa kuchemsha mezani kwangu, akaondoka. Tukaendelea.

Na yeye, mwenye kupima kila kitu, nyumbani alikuwa hapimi chochote. Ugali wake mara mbichi mara mgumu kama jiwe. Chumvi alitia kwa hasira. Saa yake ya ukutani ilisimama saa nne na robo tangu nilipomfahamu, na alikuwa anaitazama kabla ya kutoka.

Magoti yalimsumbua. Baridi ya Juni kule juu, ukungu unapokaa mpaka saa tano, ilimpata kwenye magoti kabla ya kumpata mahali pengine. Mapumziko ya asubuhi alilala juu ya magunia ya mahindi stoo, mikono imekunjwa kifuani. Akiamshwa alikuwa anajua nani amegusa kabati.

Kufundisha hakufundisha, lakini kila mwanafunzi aliyepita pale ana maneno yake. Alikuwa anasema kifaa hakina ujeuri, kinafanya kile ulichokiambia, na kama hupendi kinachofanya basi tafuta ulichokiambia. Alisema anza pale kinapofanya kazi, tembea kwenda pale kisipofanya. Hili moja alilirudia mpaka tukachoka: "Usibadili vitu viwili kwa pamoja. Ukipona hutajua dawa gani imekuponya." Mimi nina miaka zaidi ya ishirini darasani sasa, na nikijisikia nazungumza, nusu ni yeye.

Lakini nilichokaa kuandika ni habari ya kamera.

Maji ya shule yalitoka chanzo cha kilimani, yakapita chini ya uwanja wa mpira ndani ya bomba la zege, pana kiasi cha ndoo kubwa kupita bila kugusa, mpaka kwenye tangi karibu na mabweni. Mwaka ule, baada ya masika, maji yalikatika. Bomba lilikuwa limeziba mahali fulani chini ya uwanja, na hakuna aliyejua wapi. Kuchimba uwanja wote haikuwezekana. Wasichana wakawa wanashuka bondeni na ndoo kabla ya kengele ya kwanza, wakipanda na matope miguuni. Wanasinzia kipindi cha pili. Ukiwauliza swali wanaamka na kusema "mwalimu" tu, basi.

Kulikuwa na msichana wa kidato cha nne anaitwa Edina, kwao Liuli, kule ziwani. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na mikono isiyotulia. Ndiye aliyesema tutengeneze kitu kiingie kwenye bomba badala ya mtu. Alikuwa ameona picha katika gazeti la zamani lililofungiwa vitabu vya msaada. Mimi nikashika wazo hilo kwa mikono miwili, maana nilikuwa kijana na nilikuwa nataka kuonekana. Wanafunzi sita, chini ya usimamizi wangu, walijenga toroli la mbao na bati lenye magurudumu manne, likisukumwa na mota mbili za waipa kutoka Landirova bovu la parokia. Tuliliita roboti kwa sababu neno lilikuwa jipya midomoni. Wanafunzi waliliita Kenge, kwa jinsi lilivyokwenda limelala tumbo.

Mbele ya Kenge tulifunga kamera. Mwenye duka la vifaa vya umeme sokoni, mzee ambaye baba yake alitoka Kilwa, alikuwa ameleta kutoka Dar es Salaam kamera ndogo ya kulindia mlango. Alituazima. "Mwalimu, hii ni amana," aliniambia, "nirudishie ikiwa inaona." Nyuma ya Kenge ulitoka mkanda wa nyaya wa mita thelathini, ukaja mpaka kwenye betri la gari na televisheni ndogo tuliyoiweka mdomoni mwa bomba.

Wiki nne za kazi. Mama Maabara alikaa juu ya stuli yake, hakugusa kitu. Alikuwa anaangalia. Edina alichora nyaya zote katika daftari, kila mmoja kwa rangi yake, na Mama Maabara alilipitia daftari lile kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, akalirudisha bila neno. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Jumanne ya wiki ya mwisho kioo cha kamera kilishika ukungu kwa ndani, kwa ile baridi. Edina aliifungua kwa bisibisi ndogo, akaipangusa kwa kitambaa, akaifunga. Nilimkuta katikati ya kazi hiyo. Nilimwambia angeniuliza kwanza. Akasema samahani mwalimu. Picha ilitoka safi.

Jumatano wanafunzi walikwenda shamba la shule kupalilia maharage. Nilibaki peke yangu na Kenge. Ule mkanda wa nyaya ulikuwa mzito, na Kenge alikuwa anauvuta kwa shida. Nikauangalia, nikaona waya mmoja ambao kwa akili yangu haukuwa na kazi: waya wa kurudishia umeme wa kamera. Mota nazo zilikuwa na wa kwao wa kurudishia. Nikajiambia njia mbili za kurudi nyumbani za nini, moja inatosha. Nikaukata wa kamera, nikaiungisha kamera kwenye waya wa mota, nikalehemu, nikafunga utepe mweusi. Mkanda ukawa mwepesi. Nikaenda kula.

Sikumwambia mtu. Siyo kwamba nilificha. Niliona ni jambo dogo.

Alhamisi mkuu wa shule alikuja na wajumbe watatu wa bodi. Mama Maabara hakuwepo, alikuwa amekwenda hospitali ya Litembo kwa ajili ya magoti. Tuliweka Kenge kwenye mdomo wa bomba. Picha ikatokea kwenye televisheni, zege na majani. Wajumbe wakatabasamu. Edina akabonyeza swichi ya mota, na picha ikapasuka mistari, ikawa nyeusi. Akaachia, ikarudi. Akabonyeza, ikafa. Mara tano, mara sita. Mjumbe mmoja akaanza kuitazama saa yake.

"Kamera imeharibika?" mkuu aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Nani ameigusa?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema neno alilolichukia Mama Maabara, na safari hiyo lingekuwa neno la kweli. Lakini nilikuwa katika mwaka wangu wa majaribio ya kazi, wajumbe wamenisimamia, na mtu aliyeifungua kamera nilimwona kwa macho yangu. Nikasema, "Edina aliifungua juzi."

Mkuu alimchukua Edina ofisini, nami nikafuata. Barua iliandikwa pale pale, sisi wawili tumesimama mlangoni. Arudi nyumbani mpaka mzazi wake alete kamera nyingine. Baba yake Edina alikuwa mvuvi, na kamera ile hata sisi walimu tusingeweza kuipata. Ijumaa asubuhi alipanda lori la Mbamba Bay na sanduku lake la bati. Mtihani wa majaribio wa mkoa ulikuwa unaanza Jumatano inayofuata.

Mama Maabara alirudi Ijumaa mchana. Jumamosi asubuhi nilimkuta ameshamweka Kenge mezani, wanafunzi watano wamemzunguka.

"Nani kasema kamera imekufa?" aliniuliza kabla sijamwamkia.

"Mimi, mama. Picha inakatika."

"Sikuuliza picha. Umeipima?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi hujui kitu," alisema, bila ukali, kama mtu anayesoma kibao. "Leteni betri za tochi."

Alipanga betri nane za tochi katika mstari, akazifunga kwa utepe, akaiunganisha kamera nazo kwa waya mfupi. Kwenye televisheni likatokea goti lake, na pindo la koti la bluu. Picha ilikuwa safi. Akaigonga kamera kwa ukucha. Akaitikisa. Akaipindua. Picha haikutetereka.

"Msichana aliifungua akaifunga," alisema. "Kama angelegeza kitu, kingecheza. Hakuna kinachocheza. Hapo tumetoka, tusirudi tena."

Aliwaambia wawashe mota, kamera ikiwa bado kwenye betri za tochi. Magurudumu yakazunguka hewani, goti likabaki pale pale kwenye kioo, safi. Akawaambia wazime. Akairudisha kamera kwenye ule mkanda mrefu. Picha ilikuja, imefifia kidogo. Akafunua kanga, akatoa mita, akaweka ncha zake kwenye miguu ya kamera, pale umeme unapoingia.

"Soma," alimwambia mvulana aliyekuwa karibu.

"Kumi na mbili kasoro, mama."

"Washa mota."

Televisheni ikawa nyeusi. Mvulana akainama. "Saba. Mama, imeshuka mpaka saba."

"Zima."

"Kumi na mbili."

"Washa."

"Saba."

Mama Maabara aliiweka mita chini. "Kamera haiumwi," alisema. "Ina njaa. Mota zinakula naye sahani moja."

Wanafunzi walicheka kwa furaha ya kuelewa. Yeye alishaanza kuupitisha mkanda kati ya vidole, pole pole, mita kwa mita, mpaka akafika kwenye utepe mweusi. Akaubandua. Daftari la Edina lilikuwa wazi juu ya meza, na katika mchoro kulikuwa na nyaya mbili za kurudi, mmoja wa kijani na mmoja wa kahawia. Mkononi mwake ulikuwa ule wa kijani tu. Na juu ya kiungo kulikuwa na tone kubwa la risasi ya kulehemu. Wanafunzi walilehemu kama yeye alivyowafunza, risasi kidogo, inang'aa. Mimi nilikuwa namwaga. Alikuwa ameshanisema kwa hilo si mara moja.

Alilitazama lile tone kwa muda. "Nani aliunga hapa?"

Wanafunzi walitazamana. "Hatujui, mama. Jumatano tulikuwa shamba."

Nilisikia sauti yangu ikisema, "Tutaangalia."

"Haya," akasema. Akaurudisha utepe mahali pake kwa kidole gumba. "Nendeni mkale."

Tulibaki wawili. Tukautenganisha waya, tukarudisha ule wa pili, yeye akalehemu, mimi nikashika. Tukawasha. Kamera iliona, mota zilizunguka. Hakuna aliyefurahi. Alipokuwa anafunga mita kwenye kanga alisema, "Mkuu yupo nyumbani kwake mpaka jioni."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Sikwenda. Nilijiambia Jumamosi si siku ya kumsumbua mtu nyumbani. Jumapili nilikwenda misa, nikakaa nyuma. Mchana Mama Maabara alikuja mlangoni kwangu kuomba kiberiti. Tangu nifike shuleni hakuwahi kuniomba hata chumvi. Nikampa. Alisimama kidogo kizingitini, akiangalia migomba, kisha akaenda. Saa kumi alirudi kukirudisha kile kiberiti, akasimama tena, zaidi ya mara ya kwanza. Nikamwambia asante mama, nikafunga mlango. Hakuwa ametumia hata njiti moja. Hilo nililigundua kesho yake, nilipokuwa nawasha jiko.

Jumatatu, kabla ya wanafunzi kupanga mstari, aliingia kwa mkuu. Maneno yake niliyasikia kikaoni saa nne, mkuu alipotusomea. Kamera ilikuwa nzima. Waya uliungwa vibaya. Mama Maabara amekiri kwamba ni yeye aliyeunga. Walimu wote wakageuka kumtazama dirishani, maana yeye hakuwa anaingia vikaoni. Alikuwa nje anaanika vitambaa vya maabara.

Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Ningeweza kusimama. Hata sasa nikiwa nimechoka, nikiwa nasahihisha madaftari na macho yanauma, najiona nimekaa kwenye kile kiti.

Dereva wa lori alipewa ujumbe, na Edina akarudi Jumanne alasiri, amekaa juu ya magunia ya dagaa. Jumatano alifanya mtihani. Alhamisi Kenge aliingia kwenye bomba na kamera yake, na kwenye mita ya kumi na tisa tukaona mizizi ya mkaratusi imetoboa zege, imejaa kama nywele. Wakachimba pale. Kabla ya wiki kuisha maji yalifika kwenye tangi, wasichana wakapiga vigelegele mabwenini, na mkuu akanishika mkono mbele ya shule nzima. Kamera niliirudisha sokoni mwenyewe. Mzee aliichomeka, akaona uso wake, akasema, "Amana imefika."

Mwezi wa kumi na mbili nilithibitishwa kazini. Mwezi huo huo Mama Maabara aliambiwa kwamba shule sasa inahitaji mtunza maabara mwenye cheti. Mkuu alisema kosa la waya halihusiki. Pengine halikuhusika. Lakini kabla ya waya hakuna aliyewahi kukizungumzia cheti. Nilimbebea begi mpaka kituoni. Njiani alinieleza funguo zipi ni za kabati gani, na asidi isikae jirani na dirisha. Basi lilipokuja akasema, "Mita nimeiacha. Usimwazime tena yule wa useremala." Akapanda kwa kuyashika magoti yake mwenyewe, moja baada ya jingine.

Tuliandikiana barua mbili tatu, halafu zikakoma. Niliposikia habari zake, ilikuwa kwa watu. Anatengeneza redio Ngumbo, kwao ziwani. Anatengeneza simu, sasa simu zimefika. Ameacha, macho hayashiki tena nyaya ndogo. Siku zote nilikuwa nakwenda kumwona likizo ijayo.

Mwaka juzi nilipangiwa kusimamia mitihani shule moja ya Ngumbo, kandoni mwa ziwa. Siku ya mwisho karatasi zilipofungwa niliulizia, nikaonyeshwa nyumba ya matofali mabichi, nyuma ya kanisa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya chanja, anageuza usipa, dagaa wa ziwa lile, kwa ufagio mdogo. Koti lilikuwa limekwisha, alikuwa na kanga tu mabegani. Nywele zote zilikuwa nyeupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinitazama sana. "Mwalimu wa risasi nyingi."

Alinipa kigoda. Tuliongea juu ya magoti, juu ya nani amekufa, juu ya kahawa kwamba bei imepanda. Akaniambia nimezeeka upesi. Nikasema kazi. Akasema kazi gani, chaki haina uzito. Nilikuwa nimejipanga njia nzima kutoka Mbamba Bay, na maneno yote yakawa hayafai. Mwishowe nikasema tu, "Mama, ule waya niliuunga mimi."

"Sasa unaniambia kitu gani?" alisema. "Si niliuona."

"Kwa nini ulikwenda kusema ni wewe? Wewe mwenye kutufukuza kwa neno moja."

Aligeuza usipa upande mwingine kabla ya kujibu. "Nilikungoja Jumamosi. Nilikungoja Jumapili, na wewe unanijua, mimi si mtu wa kwenda kuombaomba kiberiti kwa watu. Ungeniambia Jumatatu jioni, ningengoja mpaka Jumatatu jioni. Lakini mtihani ulikuwa Jumatano, na mtoto wa watu yuko Liuli, lori ni siku nzima. Nikakuta nina mambo mawili, wewe na yule binti, na siku zinatosha mmoja tu." Akanyoosha goti kwa mikono. "Nilisema uongo, ndiyo. Niliukasirikia huo uongo muda mrefu. Nilikukasirikia na wewe."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka, mwanangu. Hasira inataka magoti."

Sikujua kama nicheke. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi. Akasema radhi ameipokea, nisiirudie tena, lakini nimekosea nyumba. "Mimi hukunituhumu. Nilijitwika mwenyewe. Uliyemtuhumu anakuja hapa kila Alhamisi kunipima presha. Leo siku gani?"

Ilikuwa Alhamisi.

Nilitazama barabarani. Gari la kurudi Mbamba Bay lilikuwa limesimama mbele ya duka, utingo anaita abiria. Mama Maabara aliona ninakotazama, akaendelea kugeuza usipa. Nilibaki. Gari likaondoka, vumbi likakaa.

Alikuja saa kumi kamili, mwanamke mrefu katika sare ya zahanati, na mkoba mdogo begani. Alimwamkia Mama Maabara kwanza, akapiga goti. Kisha akanigeukia, akasita, na uso wake ukafunguka.

"Mwalimu! Shikamoo."

"Marahaba, Edina." Nilisimama. Sikutaka kukaa nikilisema. "Waya wa Kenge niliukata mimi. Jumatano, mlipokuwa shamba. Nilijua tangu Jumamosi kwamba si wewe wala si Mama Maabara, nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Alikuwa anafungua mkoba. Akaacha.

"Mwalimu," alisema taratibu, "mimi nilijua siku ile ile. Niliuona mkanda umekuwa mwepesi. Nilikuambia. Tulipokuwa tumesimama mlangoni kwa mkuu, nilikuambia, mwalimu, waya wa kahawia haupo. Nilisema mara mbili."

Nilitafuta kichwani mwangu. Niliukumbuka ule mlango, rangi yake, kitasa kilichokuwa kimelegea, barua ikipigwa muhuri ndani. Nilimkumbuka amesimama upande wangu wa kushoto. Nilimwona hata midomo inacheza. Sauti haikuwepo.

"Sikukusikia," nilisema.

"Najua," Edina alisema. "Nilikuwa nakuangalia." Kisha akaniomba nisogee, akakaa kwenye kigoda changu, na akamfunga Mama Maabara kitambaa cha kupimia presha mkononi, akaanza kukijaza upepo. Alituambia sote wawili tusizungumze mpaka amalize kusoma.